Biashara jirani na chuo: sikukuu natangazaje na bajeti hamna?

mchapaji_mdogo
Habari zenu wakuu. Nina kibanda cha kuchapa tisheti, vikombe na kadi, kiko hatua chache tu toka geti la chuo kwahiyo wateja wangu karibu wote ni wanafunzi. Siku za kawaida mambo yanaenda ila ikija sikukuu nagonga mwamba. Krismasi iliyopita nikachapa mabango, nikalipia tangazo la mtandaoni siku tano, nikajaza mzigo, kufika tarehe 20 chuo cheupe, hakuna mtu, hadi leo vikombe vyenye nyota na kengele viko chini ya meza vinanitazama. Na mtaji wenyewe ni wa kuungaunga. Sasa wenye uzoefu nisaidieni, wanafunzi unawatangaziaje sikukuu na matukio bila hela ya maana? Na punguzo niweke au niachane nalo? Nikikosea tena mwaka huu nafunga kabisa.

mama_stesheni
Pole sana mwanangu, hilo la vikombe limenigusa maana yalishanikuta, mimi zilikuwa kadi. Nauza stesheni, yaani vifaa vya kuandikia, nje ya chuo mwaka wa tisa huu. Tangazo lako halikuwa na shida, ulifuata kalenda ya ukutani wakati mwanafunzi anafuata ratiba ya chuo. Tafuta ratiba yao ya mwaka mzima, andika lini wanafungua, lini mitihani, lini wanaondoka, halafu ndo upange sikukuu juu yake. Vyuo vingi Krismasi na mwaka mpya watu wako kwao, kwahiyo Krismasi yako wewe ni zile wiki mbili kabla ya mitihani haijaanza, pale mtu anaanza kuwaza ataenda nyumbani kashika nini mkononi. Mitihani ikianza usimsumbue, hakusikii. Idi nayo iangalie upya kila mwaka maana inarudi nyuma siku 10 au 11, usije ukatumia tarehe za mwaka jana. Na hela, mwanafunzi anakuwa nayo akifungua tu, mwisho wa muhula kakauka, hata ungetangaza kwa tarumbeta.

Ila kama una nguvu ya tukio moja tu kwa mwaka, weka kwenye wiki ya kupokea mwaka wa kwanza. Wale hawajui duka lolote, anayewafaa wiki ile wanabaki naye mpaka wanamaliza. Mimi nilichora kwa mkono ramani ya madarasa na ofisi, nyuma nikaandika huduma zangu na namba ya simu. Karatasi moja ya A4 ukiikata inatoa vipande 4 vya A6, rimu moja ni karatasi 500 kwahiyo una vipeperushi 2,000, na hata huvihitaji vyote. Juzi kaja binti yuko mwaka wa tatu, katoa simu kwenye kava nikaiona ramani yangu imo humo ndani, imekunjika na imefifia lakini ipo. Nilifurahi jamani. Omba tu ruhusa ofisi ya mlezi wa wanafunzi kabla ya kugawa ndani, usije ukafukuzwa getini.

cr_mwaka_wa_3
Mimi niko upande wa pili mkuu, ni mwanafunzi na ni CR, yaani kiongozi wa darasa. Nikwambie ukweli, mabango hatusomi. Na usije ukaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ukachota namba za watu uanze kuwatumia matangazo, wataripoti na namba yako inaweza kufungiwa, hapo umepoteza hadi wateja wa zamani. Weka WhatsApp Business, ni ya bure, unaweka bidhaa zako na picha na majibu ya haraka. Kila anayekuja dukani mwombe aseve namba yako, hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani kwasababu ujumbe wa broadcast, ule unaotuma mara moja kwa watu wengi, unamfikia tu aliyekuseva, na orodha moja inachukua watu 256. Status inakaa masaa 24 inapotea kwahiyo usipost alfajiri ukasahau, post jioni watu wakishatoka darasani. Na picha iwe ya mtu wa chuo kavaa tisheti yako, amekubali lakini, sio zile picha za kudownload. Akijiona atairusha kwake na marafiki zake wote wataona, hapo umetangaziwa bure.

mchapaji_mdogo
Aisee asanteni, mama hiyo ya ramani naichukua kesho. CR, nikitaka kufanya kazi na nyie viongozi wa madarasa nawalipaje sasa? Sina mshahara wa kumpa mtu.

cr_mwaka_wa_3
Hela huhitaji. Sema wakifika watu 10 wa darasa moja wakaagiza pamoja, wa 11 ni bure, hiyo anachukua aliyekusanya majina. Kila darasa lipe neno lake la kutaja wakiagiza, mwisho wa mwezi unajua nani kaleta watu na nani kapiga picha tu. Hilo ndo punguzo la maana, sio kushusha bei kwa kila anayepita.

mama_stesheni
Hapo kwenye punguzo nakubaliana na kijana. Ukishashusha bei ya wote, sikukuu ikiisha hakuna anayekubali bei ya kawaida, anakuuliza "si ulikuwa unauza vile?"

mpenda_soko
Naongezea moja tu. Msitegemee sikukuu za kwenye kalenda peke yake, angalieni siku ambazo wanafunzi wameanzisha wenyewe. Ile siku ya makapera ya China, tarehe 11 Novemba, inasemekana ilianza na wanafunzi wa chuo kikuu cha Nanjing miaka ya 1990, utani wao tu wa bwenini kwasababu tarehe ukiiandika 11/11 ni moja nne zimesimama peke yake. Alibaba, kampuni ya China ya kuuza mtandaoni, wakaidaka 2009 wakaifanya siku ya mauzo na leo ni kati ya siku kubwa kabisa za manunuzi duniani. Kila chuo kina kitu kama hicho, mechi ya vitivo viwili mahasimu, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, usiku wa vipaji. Siku hizo washindani wako wamelala maana hazipo kwenye kalenda yao. Mahafali nayo, ila pale lenga wazazi na ndugu, wao ndo wanatoa hela, mhitimu mwenyewe anahangaika na joho.

mchapaji_mdogo
Mechi ya vitivo ipo wiki tano zijazo na sijawahi hata kuiwaza!! Naanza na hiyo, tisheti kwa oda tu, bila malipo ya awali sichapi, oda nafunga siku 6 kabla ili nisibaki na mzigo. Halafu vikombe vya nyota je, nivifanyeje?

mama_stesheni
Usivitupe. Nyota ni ya kila siku, kengele tu ndo ya Krismasi. Vyenye nyota tupu chapa jina la mhitimu upande wa pili uviweke mbele siku ya mahafali, vyenye kengele vifunge vizuri kwenye boksi, uvitoe zile wiki mbili nilizokwambia, kabla ya mitihani ya kuelekea Krismasi.