Huyu jamaa wa Kitonga ameniuzia reflekta YANGU MWENYEWE

Salfa Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Nimepaki Ilula, mikono bado ina grisi, naandika hivyo hivyo.

Yule jamaa. Nyie wa njia ya Tunduma mnamjua, sina haja ya kumtaja, nikimtaja nitapasuka. Yule anayeibuka kila gari likiharibika mlima Kitonga, utafikiri amezaliwa mtaroni akanyonyeshwa dizeli. Leo ameniuzia reflekta yangu mwenyewe. Ile ya pembetatu. Elfu kumi. Na akaniambia, "Bro, hii orijino."

Hii orijino! Nyuma ya reflekta hiyo kuna jina la binti yangu, ameliandika kwa mkono wake kwa rangi ya kucha ya mama yake, herufi ya S imetazama kinyume kwa sababu yuko darasa la kwanza. Mtu ananishikia jina la mwanangu usoni, ananiambia hii orijino.

Nilikuwa napanda na mzigo wa salfa wa kwenda Lubumbashi. Saa tisa usiku, nimeshaiacha Mahenge, tairi la ndani la trela likapasuka, mlio nadhani umesikika mpaka Dodoma. Kitonga mnaijua: huku mwamba, huku korongo, pa kujibanza hakuna. Nikafanya kila kitu. Hazadi nimewasha. Vigogo nimeweka nyuma ya matairi, vya mbao, vyangu, natembea navyo. Reflekta moja nikaishusha chini KABLA ya kona, hatua zaidi ya mia, maana ukiiweka baada ya kona anayepanda anaiona akiwa ameshakuvaa. Ya pili nikaipeleka juu kwa ajili ya wanaoteremka na kopa, mzigo wa shaba, wale breki zikishapata moto hawana pa kukimbilia. Matawi nikakata, nikayapanga. Utingo akaingia chini ya trela na jeki.

Mara nasikia breki zinalia. Basi hilo kwenye kona, moshi umetanda, limesimama pua ikiwa mkono mmoja tu kutoka kwenye miguu ya kijana wangu. Abiria wanapiga kelele. Dereva ameshika usukani, anatetemeka, anashindwa hata kunitukana. Nikachukua tochi nikashuka mbio kwenye kona. Matawi yapo yote. Reflekta hakuna.

Nusu saa haijaisha, huyo hapo. Ndoo ya vitunguu mkononi, reflekta kwapani. "Bro, naona nyuma huna reflekta, trafiki watakusumbua huko mbele. Elfu kumi na tano, wewe nakufanyia kumi. Hii orijino."

NAKUFANYIA KUMI. Kijana wangu bado yuko chini ya gari, yeye ananifanyia kumi!

Nimelipa. Ningeanza ugomvi pale, nani angesimama kwenye kona na tochi?

Utingo Mstaafu

Kumi? Mimi alinipa kwa saba mwaka jana. Mkuu umepigwa.

Binti Makambako

Pole sana kaka, mshukuru Mungu kijana mzima. Jina la mtoto bado lipo?

Salfa Kavu

Lipo dada. Alianza kulikwangua kwa kisu, ameondoa herufi mbili za mwisho akachoka. S imebaki. Yaani ALIIONA. Ameliona jina la mtoto, amekwangua, ameshindwa, halafu akaja kuniambia hii orijino.

Kichwa Maji

Sasa si kweli ni orijino? Umeinunua mwenyewe dukani. Jamaa hajadanganya hata kidogo 😂😂

Jicho la Igawa

Madereva wa malori mkilalamika nacheka. Mawe je? Mkiharibikiwa mnaweka mawe makubwa nyuma ya matairi, mkimaliza mnaondoka, mawe mnatuachia sisi wa gari ndogo. Nimepasua sampo usiku kwa jiwe lenu, oili yote imemwagika lami. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Salfa Kavu

Soma kwanza ndugu. Nimeandika natembea na vigogo vya mbao, na nikiondoka naviokota. Mawe siweki.

Jicho la Igawa

Wewe huweki, wenzako wanaweka. Nyote ni walewale.

Mzee wa Gia Nane

Wanangu, nimeendesha njia hii tangu lami ikiwa na viraka tu. Mwizi wa reflekta alikuwepo na ataendelea kuwepo, hivyo usiku mtu mmoja anasimama kwenye kona na tochi mpaka tairi linafungwa. Mkiwa wawili tu, simamisha gari linalopita, muombe utingo wao kwa dakika kumi. Hakuna dereva wa kweli atakayekunyima. Kosa lako ni kuiacha kona peke yake.

Salfa Kavu

Mzee wangu shikamoo. Nakubali, na kuanzia leo kona haitabaki peke yake. Lakini mzee, mtu kuondoa reflekta mlimani usiku si wizi wa kawaida, ni kuua. Basi lile lilikuwa limejaa watu.

Mzee wa Gia Nane

Marahaba. Hapo umesema kweli.

Dereva wa Malaba

Pole ndugu yangu kutoka huku Kenya. Sisi tulizika watu wengi sana pale Salgaa. Madereva walikuwa wanaachilia lori nyutro, bila gia, kwa mteremko, wabakishe mafuta ya kuuza. Gari ikishashika kasi gia haiingii tena, unakanyaga breki mpaka upepo unaisha, mbele yako kuna matatu na watu. Jamaa wako wa reflekta ni mtoto mdogo.

Utingo Mstaafu

Hata hapa wapo wa nyutro, tusidanganyane. Utasikia lori linateremka kimya, halilii kabisa. Ukisikia ukimya huo, hama barabara.

Mzee wa Gia Nane

Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Tuliwafundisha, mkaenda kuuza mafuta.

Kopa Nyekundu

Tatizo la njia hii ni magari ya IT tu. Kijana amepewa gari la mtu bandarini alipeleke mpakani, amejaza abiria, anaovateki kwenye mlima, kwenye kona, kwenye mstari usiokatika. Kilomita 50 za Mikumi, ndani ya hifadhi, anapita kama yuko uwanja wa ndege. Twiga anavuka!

Mtoto wa Msamvu

Huyo wa reflekta na wale wa madumu ni mama mmoja, baba mmoja. Lori la mafuta lilianguka hapa kwetu tarehe 10 Agosti 2019, watu wakakimbilia na ndoo, moto ukawakuta, zaidi ya 100 wamekufa. Akili ni ileile: gari la mwenzako limepata shida, wewe unaona biashara.

Binti Makambako

Futa hiyo kauli. Waliokufa Msamvu wengine walikuwa wapita njia na bodaboda wamekuja kutazama tu. Usiwaweke kundi moja na mwizi.

Mtoto wa Msamvu

Mimi ndiye wa Morogoro au wewe?

Binti Makambako

Uwe wa Morogoro, uwe wa mwezini, futa.

Ekseli ya Tatu

Mimi naomba niongee ya kwangu. Mwisho gari zima na mzigo tani 56, sawa. Mizani ya kwanza nimepita, ya pili nimepita, ya tatu naambiwa ekseli ya nyuma imezidi. Nimekula chapati mbili tu njiani! Uzito umetoka wapi?

Mzee wa Gia Nane

Magunia yameteleza nyuma wakati wa kupanda. Kamba ulifunga kilegevu. Ukifika kileleni shuka, vuta turubai, kaza upya.

Ekseli ya Tatu

Kwa hiyo na mimi ni kosa langu. Leo mzee kila mtu ana kosa isipokuwa barabara.

Salfa Kavu

Jamani, uzi unahusu reflekta. Nauliza tena, hivi mtu anaweza kukutazama machoni, ameshika jina la mwanao...

Kichwa Maji

Hivi ile ndoo ya vitunguu alikuwa anauzaje?

Utingo Mstaafu

Hivyo ni vya Ruaha Mbuyuni, lazima. Vizuri ila havikai, wiki mbili vimeota.

Kopa Nyekundu

Nani kakudanganya? Unavifungia ndani ya kabati la gari kwenye joto la injini, halafu unalaumu kitunguu. Vianike.

Jicho la Igawa

Singida ndiyo kitunguu. Hivyo vingine ni maji yenye maganda.

Binti Makambako

Kuna anayepita Ruaha Mbuyuni kesho akielekea juu? Naomba aniletee gunia moja, hela natuma kwa simu. Vikavu, visiwe vimechimbwa leo.

Ekseli ya Tatu

Mimi napita dada, ila kwa uzito huu niliopewa mizani, gunia lako utalikuta kwenye siti ya utingo.