Mjadala: Bendi ya shule ni ya watoto au ya wageni?

mzazi_mbagala

Habari zenu wakubwa. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi katika shule ya msingi ya serikali anakosoma binti yangu, darasa la tano. Ajenda ya nne ilikuwa bendi. Shule ina ngoma moja ya besi, ngoma ndogo sita, matoazi ambayo moja limepasuka ukingoni, na filimbi kadhaa. Mwalimu wa bendi anaomba tarumbeta mbili za mtumba, kamati ikapendekeza tuchange kwa hiari. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mzazi mmoja akasimama: watoto wanabanana wanne dawati moja, nyie mnataka tarumbeta? Mwingine akadakia kwamba bendi ni mwanzo wa uhuni. Mwenyekiti akafunga kikao bila uamuzi, tukanywa soda zetu kimyakimya kama tuko msibani.

Msimamo wangu nautoa mapema: bendi ibaki na tarumbeta zinunuliwe, ila kwa masharti.

Binti yangu anapiga ngoma ndogo. Hana ngoma nyumbani, kwa hiyo anatumia vipande viwili vya penseli kwenye mfuniko wa ndoo, anajisemea kwa sauti ya chini: kulia, kushoto, kulia-kulia, kushoto-kushoto. Zamani kumwamsha ilikuwa vita. Sasa saa kumi na moja na nusu keshavaa viatu, kwa sababu wao ndio wanaopiga wenzao wakiingia madarasani baada ya paredi. Nimemtazama nikaelewa kitu. Akikosa hesabu anakosa peke yake, daftari linafungwa, yameisha. Kwenye bendi akiwahi nusu pigo, mstari mzima unapishana miguu na shule nzima inamwona. Hakuna aliyemchapa kwa hilo. Amejifunza mwenyewe kumsikiliza wa besi kabla ya kuinua mkono.

Sasa upande wa pili. Mwaka jana tulitangaziwa mgeni rasmi. Watoto wa bendi wakapangwa barabarani saa mbili asubuhi, na sweta zao za bendi, jua la Dar mnalijua. Mgeni alipita karibu saa sita, ndani ya gari, kioo juu. Kijana wa besi alikuwa ameshaanguka, wakamvuta kivulini wakampepea kwa kofia yake. Ngoma akabebeshwa mwingine. Nauliza: siku ile bendi ilikuwa ya nani?

hesabu_kwanza

Mkuu, umejijibu mwenyewe. Bendi za shule zetu ni mapambo ya wageni na mahafali. Ondoa wageni uone kama kuna mwalimu mkuu atakayeikumbuka.

Na tusidanganyane kwa habari za "muziki unaongeza akili". Mwaka 2020 watafiti wawili, Sala na Gobet, walikusanya tafiti 54 zilizohusu watoto karibu 7,000. Zile zilizolinganisha watoto kwa uangalifu, yaani kundi la muziki dhidi ya kundi lililopewa shughuli nyingine, hazikuonyesha faida yoyote ya maana kwenye akili wala masomo. Ule utafiti wa Schellenberg wa 2004 unaotajwa kila siku, wa watoto 144, ulipata nyongeza ndogo tu ya IQ, yaani kipimo cha akili, tena ni watoto waliofundishwa kinanda na kuimba, siyo bendi ya kutembea na ngoma.

Halafu hiyo "hiari". Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na tangu hapo kila mchango unabatizwa jina la hiari. Mimi mwanangu aliwahi kusimamishwa mbele ya darasa kwa mchango wa hiari wa mlinzi. Leo tarumbeta, kesho sare za bendi zenye kamba za dhahabu begani. Anayebaki nyuma ni mtoto wa muuza mchicha.

chaki_nyeupe

Mimi ni mwalimu, mwaka wa kumi na tisa huu, na bendi nimeisimamia katika shule mbili. Ndugu yangu hesabu_kwanza, kuhusu akili nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Kuna utafiti mkubwa wa British Columbia, Canada, wa 2019, uliofuatilia wanafunzi zaidi ya 110,000: waliosoma muziki sekondari walipata alama za juu kwenye hisabati, sayansi na Kiingereza, hasa wapiga ala, hata baada ya kuzingatia hali ya nyumbani na alama zao za awali. Lakini wale walijichagulia muziki wenyewe. Huwezi kujua kama ni ala iliyowanyanyua au ni aina ya mtoto anayekubali kurudia kitu kimoja mara mia bila kukata tamaa. Kwa hiyo mimi siuzi bendi kwa wazazi kwa kuahidi A ya hisabati. Mbona mpira hatuuulizi umeongeza alama ngapi?

Ninachokiona mimi ni kidogo na ni cha kila siku. Daftari la mahudhurio. Watoto wangu wa bendi hawakosi Jumatatu na Ijumaa, siku za mazoezi. Nilikuwa na mtoto mtoro sugu, baba yake alishamkatia tamaa. Nikampa besi, siyo kwa kuwa anajua, ila kwa sababu ana kifua. Ndani ya wiki mbili alielewa kwamba asipokuja mstari hauondoki. Hakuwa mwanafunzi bora, nisidanganye. Alimaliza la saba, na kwa yule hilo lilikuwa jambo.

Kuhusu kupuliza, mjue ni kazi. Mtoto akipewa tarumbeta anajaza mashavu kama anapoza uji, hewa tu inatoka. Wiki ya kwanza siwapi hata chombo, wanatetemesha midomo mitupu darasa zima, vicheko mpaka machozi. Siku mmoja akitoa sauti ya kwanza wote wananyamaza. Na jambo la afya: kipande cha mdomoni kila mtoto awe na chake, au kioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kupokezana. Mimi nilikuwa na ndoo maalumu. Shule nyingi hawajali hili na ndipo wazazi mngepaswa kupiga kelele.

Mtaala ulioanza Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kwa msingi. Bendi ndiyo maabara yake. Kwa nini tuifanye bidhaa ya sherehe?

pikapu_na_tuba

Aliyesema uhuni anyooshe mkono 😂

Nimejifunzia bendi ya kanisa nikiwa na miaka kumi na moja, kwa noti za muziki, siyo kwa kubahatisha. Leo kila Jumamosi niko nyuma ya pikapu, tunamtoa bibi harusi saluni mpaka ukumbini, na ada ya wadogo zangu wawili imetoka kwenye tuba hii, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Polisi wana bendi, Magereza wana bendi, JWTZ wana bendi. Huko wanataka mtu anayesoma noti.

Ushauri wa bure kwa kamati: msidanganywe na tarumbeta mpya inayong'aa ya bei chee. Miezi mitatu vali, vile vitufe vya kubonyeza, zinaganda. Chukueni ya zamani nzito, mwiteni mpulizaji aijaribu kabla hamjatoa hela. Vali zilainishwe kwa mafuta yake maalumu. Bomba likipasuka, fundi redieta anaziba kwa risasi, yangu ina viraka vitatu na bado inaita. Chombo kisilale chini, watoto watakikanyaga.

mvita_mkongwe

Nawasalimu kutoka Mombasa. Hili la "uhuni" linanichekesha, maana ni wimbo mkongwe. Beni ilizuka pwani yetu huku mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliziona bendi za jeshi na za wamisheni, wakachukua ngoma, gwaride na vyeo, wakazigeuza ngoma yao ya mashindano. Ikavuka mpaka kwenu Tanganyika, mkawa na Marini na Arinoti, vyama viwili vya beni vilivyoshindana. Wakubwa wa serikali na wa misheni waliitilia shaka vilevile: fujo, ubadhirifu, vijana hawataki kazi. Kumbe ndani yake mlikuwa na vyama vya kuzikana na kusaidiana.

Na mjue siyo lazima uwe tajiri. Shule ya Starehe pale Nairobi ilianzishwa 1959 kwa ajili ya vijana wa mitaani, na bendi yake inajulikana Kenya nzima. Korogocho, mtaa wa mabanda hukohuko Nairobi, ubavuni mwa jalala la Dandora, mradi wa muziki wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge 2008 unafundisha watoto fidla na tarumbeta. Ila tofauti ni moja, mwenzangu: wale wana walimu wanaolipwa na ratiba. Ala bila mwalimu ni chuma.

mama_wa_mapacha

Hamjauliza jambo moja. Kwa nini wasichana wanapewa fimbo ya kuongoza mbele na kaptula za kumeta, halafu tarumbeta ni za wavulana? Kwa shule yetu ndivyo ilivyo. Pacha wa kike aliomba kupuliza akaambiwa atavimba midomo. Kaka yake, midomo ileile, akapewa.

hesabu_kwanza

mama_wa_mapacha, hapo uko sahihi na nina hasira nawe kwa kuniongezea sababu nyingine.

Mwalimu chaki_nyeupe, shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Hoja ya utoro imenishika, sitakataa. Lakini wewe ni mmoja. Ukihamishwa, tarumbeta zinaingia stoo na panya. Kwa hiyo nasogea hatua moja: ngoma na filimbi sawa, zipo tayari, zitengenezwe. Tarumbeta bado, mpaka nione karatasi inayosema mtoto asiyechangia anapiga sawa na aliyechangia, na jina la mwalimu wa pili atakayejifunza pamoja na wa kwanza.

chaki_nyeupe

Marahaba. La mwalimu wa pili ni la msingi, na nakiri sikulifanya shule ya kwanza. Nilipohama bendi ilikufa ndani ya muhula mmoja. Niliambiwa ile besi ikawa ya kuwekea makopo ya rangi.

mzazi_mbagala

Nimerudi, wakubwa. Nimeandika nusu ukurasa wa kupeleka kwenye kamati. Ngoma zitengenezwe kwanza. Tarumbeta moja, siyo mbili, na pikapu_na_tuba, nitakutafuta uje uijaribu. Walimu wawili. Asiyechangia apige sawa na aliyechangia. Msichana apulize akitaka. Na hili nimelipigia mstari: bendi haipangwi barabarani kumsubiri mtu. Mgeni akifika, akute watoto wako darasani, waitwe, wapige, warudi. Asiyeweza kusubiri dakika kumi, apite.

Mwenyekiti nimemsomea kwa simu. La michango amekubali, la wasichana amecheka kisha amekubali. La mgeni rasmi amenyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hilo tuliache kwanza." Nimemwambia sitaliondoa, hata nikibaki na kura yangu peke yangu.

Naandika haya saa tatu usiku, mfuniko wa ndoo unalia chumba cha pili. Jirani amegonga ukuta mara mbili. Ya kwanza alikuwa amekasirika. Ya pili, nadhani, alikuwa ameshashika mdundo.