Hilo tabaka mnaloulizia kwenye posa, mmelisoma Granth ipi?

Wakuu, leo povu linanitoka, na linawatokea watu wangu mwenyewe. Mimi ni Singasinga, yaani Sikh, mzaliwa wa Mwanza, kilemba kichwani na bangili ya chuma mkononi, kwa hiyo asije mtu kuniambia nasema ya wenzangu nikiwa nje ya uzio. Mods, naomba uzi ubaki hapa hapa.

Binti wa mjomba wangu kaposwa na kijana wa Nairobi. Kijana ana kazi, hanywi, hakati nywele, amepokea amrit, maji matamu ya ubatizo wetu, na Granth, kitabu chetu kitakatifu, anaisoma vizuri kuliko hao wazee wanaomkataa. Mambo yalikwenda sawa mpaka shangazi mmoja alipouliza ukoo wao ulitoka kijiji gani Punjab na babu alikuwa fundi wa nini. Ikajulikana ni jamii ya Ravidas, mababu zake walifanya kazi ya ngozi. Basi, simu zikaacha kupokelewa. Neno walilolitumia jikoni silirudii hapa. Jibu la heshima lililopelekwa likawa "kijana ni mzuri, ila si wa kwetu". Si wa kwetu vipi, na juzi tu alikaa nanyi safu moja sakafuni mkala dengu na chapati kutoka sufuria moja?

Kwa wasiotujua, maana humu wengi mnatuita Wahindi na mnamaliza: Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, alizaliwa 1469 Talwandi, leo Nankana Sahib, Pakistan. Alitoka familia ya Kihindu, na mwenzake wa safari, Mardana mpiga rababu, alikuwa Mwislamu. Alifundisha Mungu mmoja, asiye na sanamu, na kwamba hakuna mtu anayezaliwa mtakatifu kuliko mwingine. Langar, lile jiko la gurdwara, nyumba yetu ya ibada, ndilo somo lenyewe: anayeingia anakaa chini na wengine na kula bure. Waliowahi kusimama gurdwara ya Makindu, barabara ya Mombasa, wanaijua ile chai. Lakini mmeshajiuliza kwa nini tunakaa chini, na kwa nini safu moja? Kwa sababu katika India ile Brahmin, mtu wa tabaka la juu la makuhani, aliyekula ubavuni mwa mtu wa tabaka la chini alihesabika amenajisika. Jiko lile lilikuwa shambulio. Sisi tumeligeuza tangazo la ukarimu wetu.

Na Granth yenyewe! Humo hamna maneno ya Maguru peke yao. Mna Kabir, mfumaji aliyelelewa nyumba ya Waislamu. Mna Namdev wa tabaka la mafundi nguo, mna Sheikh Farid, sufi wa Kiislamu. Kabir anamkabili Brahmin na kumuuliza: kama wewe ni Brahmin uliyezaliwa na mama Brahmin, mbona hukutoka kwa njia nyingine? Limo kitabuni, linaimbwa. Na humo humo mna tenzi takriban 40 za Ravidas, fundi wa ngozi wa Banaras, ambaye hakuficha kazi yake wala tabaka lake. Yaani wazee wetu wanagusisha paji la uso sakafuni mbele ya maneno ya fundi ngozi, kisha wanainuka na kumkataa mkwe kwa kuwa babu yake alikuwa fundi ngozi. Hapo ndipo ninapotaka kupasuka.

Mwaka 1699 pale Anandpur, Punjab, Guru Gobind Singh, Guru wetu wa kumi, alipouliza nani yuko tayari kutoa kichwa, mapokeo yetu yanawataja waliosimama: mmoja Khatri, jamii ya wafanyabiashara, mwingine Jat mkulima, mwingine mchota maji, mwingine fundi nguo, mwingine kinyozi. Wakanywa amrit bakuli moja, halafu Guru mwenyewe akapiga magoti akaomba wamnyweshe. Wanaume wakaitwa Singh, wanawake Kaur, ili jina la ukoo lisimtaje mtu tabaka. Leo fungua tovuti yoyote ya kutafuta wachumba: "Jat Sikh anatafutwa", "Ramgarhia Sikh anatafutwa". Tumekwenda kulifukua lile jina.

Tena kabla ya hapo, 1675, Aurangzeb, mfalme wa Mughal, alipoamuru Guru Tegh Bahadur, baba yake Gobind Singh, akatwe kichwa Delhi (na kwetu inasimuliwa kwamba alikufa akiwatetea mapandit wa Kashmir, Wahindu, ambao uzi wao mtakatifu yeye mwenyewe hakuuvaa), ni nani aliyekitoa kile kichwa mjini kwa siri mpaka Anandpur? Bhai Jaita, mtu wa tabaka la wafagiaji. Mtoto wa Guru akamkumbatia. Wajukuu wa jamii hiyo leo wanaitwa Mazhabi, na kuna vijiji Punjab wana gurdwara yao pembeni na mahali pao pa kuchomea maiti.

Najua jibu linalokuja: "Huo ni uchafu wa Wahindu, umetuambukiza." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tangu Singh Sabha, harakati ya kuirekebisha dini yetu, ianze Amritsar 1873, wazee wetu wamehangaika kuthibitisha kwamba sisi si Wahindu. Mwaka 1905 sanamu zikaondolewa uwanja wa Hekalu la Dhahabu. Mpaka leo tunalalamikia Ibara ya 25 ya Katiba ya India inayotuweka kapu moja na Wahindu, na malalamiko hayo nayaunga mkono kabisa. Lakini sanamu mlizitoa, tabaka mkaliacha sebuleni. Mlijua kuchagua cha kutupa.

Sasa tuje kwetu. Sisi ni Ramgarhia, kama Masingasinga wengi wa Afrika Mashariki: uzao wa maseremala, waashi na wahunzi waliokuja na reli ya Mombasa, 1896 mpaka 1901, na miaka iliyofuata. Punjab mwenye shamba, yule Jat, ndiye bwana. Seremala alilipwa nafaka wakati wa mavuno na kuambiwa ajue nafasi yake. Jina Ramgarhia tulilitwaa kwa Jassa Singh Ramgarhia, jemadari wa karne ya 18, ili tusiitwe Tarkhan, jina la tabaka la maseremala. Babu zetu walikuja huku, wakapata mshahara na karakana, wakajikuta ndio wengi. Na walichofanya na bahati hiyo ni kutafuta wa kumdharau. Waliohamia Uingereza baadaye wakajenga gurdwara zenye jina la tabaka ubaoni. Nairobi nako, kaangalieni mabango.

Na msidhani anayedharauliwa atakaa tu. Oktoba 1920 waongofu wa tabaka la chini walipeleka karah prasad, halua yetu ya sadaka, Hekalu la Dhahabu, Amritsar, makasisi wakagoma kuipokea. Granth ikafunguliwa, aya iliyosomwa ikawaumbua makasisi, na kutoka zogo lile ikazaliwa kamati inayosimamia gurdwara za Punjab hadi leo. Walioubeba mgogoro ule ni hao hao "si wa kwetu". Mei 2009 Sant Ramanand, mmoja wa viongozi wa dini wa jamii ya Ravidas, aliuawa kwa risasi ndani ya hekalu la Ravidas mjini Vienna, Punjab ikawaka moto, na Januari 2010 sehemu ya wafuasi wakatangaza dini yao wenyewe, na kitabu chao. Watu walioinama mbele ya Granth vizazi na vizazi tumewasukuma mpaka mlangoni, kisha tunashangaa wametoka.

Basi wazee wa familia, na najua wawili wenu mnasoma humu kwa majina ya bandia: Rehat Maryada, ile kanuni ya maisha ya Sikh iliyopitishwa Amritsar 1945, inasema ndoa ifungwe bila kuangalia tabaka. Guru Nanak kasema itambueni nuru, msiulize tabaka. Granth ina kurasa 1,430. Mwenye ukurasa hata mmoja unaoruhusu kumkataa kijana huyu kwa kazi ya babu yake auweke hapa, namba na mstari. "Ni utamaduni wetu" sitaijibu.