Springi za nyuma za mkonga (HZJ78) zimelala: nichukue za kilo 300 au 600, na shokapu gani?

Mzee_wa_Rhotia

Wakuu, habari za majukumu. Nina Land Cruiser HZJ78, injini 1HZ, imefunguliwa paa kwa ajili ya wageni. Kazi yake ni Karatu, kreta ya Ngorongoro, Serengeti na kurudi. Wageni wakipungua inashuka shambani kubeba mahindi.

Nyuma imelala. Gari ikiwa tupu majani ya springi yamenyooka kabisa, na upande wa dereva yameanza kupinda kinyume. Nikiingia shimoni na wageni nasikia ile raba ya kizuizi inagonga chesisi. Shokapu za nyuma zote mbili zinavuja. Za mbele ni kavu, ila nikifika kwenye rasta (yale matuta madogo ya mfululizo barabarani) za kushuka kuelekea Olduvai usukani unatetemeka hadi napunguza mwendo.

Muuza spea mmoja Arusha ananisukumia springi za kilo 600 "ili usirudi tena", shokapu za gesi, shokapu ya usukani, na gari iinuliwe inchi mbili. Fundi wangu anasema hizo ni mbwembwe, tuongeze jani moja kila upande na shokapu za bei nafuu, mambo yaishe. Nina milioni tatu na nusu, kazi ya fundi ndani yake. Naomba ushauri wa mtu aliyeendesha gari hizi, sio aliyesoma boksi.

Toyota_Damu

Mkuu, weka springi za Toyota zenyewe na ulale usingizi. Haya majina mengine ni ya vijana wa mitandaoni.

Chuma_Chakavu

Springi za kiwandani zilipigiwa hesabu ya gari la kiwandani. Yeye amekata paa, ameweka viti, friji, tairi ya pili ya akiba na matangi. Hiyo si gari ileile iliyotoka Japani.

Mzee wa Rhotia, usinunue kitu chochote kabla hujapanda mizani. Jaza tangi, weka vifaa vyote vinavyokaa garini siku zote, halafu nenda mizani ya mazao au kokoto. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Rudia ukiwa na watu sita ndani. Zile kilo 300 na 600 zinazoandikwa kwenye springi maana yake ni mzigo wa kudumu, ule usioshuka garini hata ukienda kanisani. Wageni hawamo. Wauzaji wengi wanajumlisha wageni humo makusudi, maana springi ngumu ni ghali zaidi.

Tena pima kimo: toka katikati ya kapu la tairi (habu) hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, gari ikiwa sehemu tambarare. Andika, utakuja kuhitaji baadaye kulinganisha.

Dada_wa_Mto_wa_Mbu

Naongezea kwa Chuma. Gari yangu niliinunua ikiwa tayari na zile za 600 nyuma. Ikijaa ni tamu. Lakini siku ya kurudi tupu kutoka uwanja wa ndege wa KIA mkia unarukaruka, kwenye rasta nyuma inahama yenyewe kama ng'ombe anayekataa kamba. Mabano ya shokapu yalikuwa yameanza kupasuka kwenye chesisi. Fikiria mwaka wako mzima: safari ngapi unajaa, ngapi uko peke yako na kreti za maji.

Mzee_wa_Rhotia

Dada asante, hilo la kurudi tupu sikulifikiria. Na la kuongeza jani mnasemaje? Ni laki chache tu.

Fundi_Nako

Shikamooni wakubwa. Nimefanya kazi hizi miaka mingi, acha niandike kidogo kirefu.

Kuongeza jani: majani uliyonayo yamechoka. Ukichomeka jani jipya lenye mkunjo wake, lile jipya linabeba zaidi ya fungu lake na yale ya zamani yanalisindikiza. Halafu siku moja jani kuu linakatika pale pale kwenye tundu la sentabolti (bolti ya kati inayoshika majani pamoja), ndipo chuma kilipo dhaifu. Kukunja upya majani ya zamani kwa moto na nyundo nako hakudumu, chuma kikishapashwa bila kurudishiwa ugumu wake kinalala tena. Kwa lori la mchanga sawa. Kwa gari ya wageni, mimi sifanyi.

Kuhusu usukani kutetemeka: hiyo shokapu ya usukani usiinunue kwanza. Itaficha ugonjwa. Mtu mmoja akae ndani, injini ikiwaka, tairi ziko chini, azungushe usukani kushoto kulia haraka haraka, kidogo tu. Wewe lala chini ya bampa uangalie ile rodi ndefu inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli, ya kuzuia ekseli isihame pembeni. Ukiona ncha yake inacheza kabla ekseli haijajibu, bushi (raba za kwenye ncha zake) zimekwisha. Kisha angalia ncha za tairodi, ile rodi inayounganisha tairi mbili za mbele. Mwisho piga jeki, shika tairi juu na chini uisukume na kuivuta. Ikicheza, shuku bearingi za nako (kiungo kinachogeuza tairi), au za kapu la tairi. Mara nyingi ugonjwa mzima ni bushi, bei ya chakula cha mchana cha watu wachache.

Shokapu za mbele kuwa kavu si ushahidi kwamba ni nzima. Ukishatoka kwenye rasta, simama, gusa kila shokapu kwa nyuma ya mkono, taratibu isikuunguze. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Moja ikiwa ya baridi na wenzake ni moto, hiyo haifanyi kazi.

Toyota_Damu

Hapo kwenye bushi naunga mkono. Bushi chukua orijino, hata kama springi utachukua za jina lingine.

Kalacha254

Salamu kutoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ikamilike wengi wamesahau barabara mbaya, lakini sisi wa Maikona, Kalacha na North Horr bado tunakula mawe. Boss, kwa shokapu uliza swali moja: ni za bomba moja au mawili?

Za bomba moja, mfano Bilstein, zinapoa vizuri kwa sababu mafuta yako karibu na ukuta wa nje. Kwa rasta ndefu ni nzuri sana. Shida ni kwamba pistoni inatembea ndani ya ukuta huo huo. Jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama na shokapu imekufa. Za mabomba mawili, kama Old Man Emu Nitrocharger, zikibonyea kidogo nje zinaendelea na kazi, maana pistoni iko kwenye bomba la ndani. Kwetu kwa mawe mimi sibadili mawazo, mabomba mawili.

Maskati_Pemba

Ndugu zangu, huku Maskati watu wanapenda bomba moja na springi laini, kwa ajili ya mchanga. Lakini wao hawabebi mahindi, na wikendi ikiisha gari inapumzika. Msichukue seti ya huku kwa sababu imeandikwa Dubai kwenye boksi. Jangwa si Serengeti.

Chuma_Chakavu

Kalacha yuko sahihi kwa mawe, ila njia ya kushuka kutoka kreta hadi geti la Naabi la kuingilia Serengeti si mawe sana, ni rasta na vumbi. Kinachoua pale ni joto: mafuta yanatoa povu, shokapu inakuwa pampu ya baiskeli tu. Kwa hiyo angalia ukubwa. Bomba nene lenye mafuta mengi linachelewa kuchemka. Ndiyo maana zile nene zenye sponji maalumu ndani badala ya gesi (foam cell) zinapendwa na wabeba mizigo.

Kisha upepo wa tairi. Madereva wengi wa Karatu wanaingia hifadhini na upepo uleule wa lami, halafu wanalaumu shokapu. Shusha, na upunguze mwendo. Tairi ndiyo springi ya kwanza.

Fundi_Nako

Na hizo inchi mbili. Gari hii ina paa la kufunguka na wageni wanasimama ndani, kwa nini uipandishe kitovu cha uzito? Ukiinua mbele, ekseli inazunguka kidogo na usukani unaacha kurudi wenyewe baada ya kona, mpaka ubadilishe bushi za mikono ya mbele inayoshika ekseli kwa zile za kurekebisha pembe. Nyuma nako kama yako ina vali ya breki yenye kimkono kilichoshikana na ekseli, kiangalie vizuri. Ukiinua gari, kimkono kinadhani gari ni tupu na kinapunguza breki za nyuma. Mafundi wachache sana wanakumbuka kukirekebisha. Kimo cha kiwandani kinakutosha.

Mzee_wa_Rhotia

Wakuu, nimerudi. Mizani: tupu na vifaa vyote, mbele 1,210, nyuma 1,440. Na watu sita na mabegi, mbele 1,290, nyuma 1,860. Bushi za ile rodi ndefu zimekwisha kabisa, ncha inacheza naiona kwa macho. Nako nzima. Shokapu ya mbele kushoto ni ya baridi.

Chuma_Chakavu

Basi jibu unalo. 78 ambayo haijaguswa inakaa na kilo elfu moja na mia kidogo nyuma. Wewe umeongeza kama mia tatu na kitu za kudumu. Chukua za 300. Za 600 zingekufaa kama mzigo wako wa kudumu ungekuwa karibu mara mbili ya huo.

Dada_wa_Mto_wa_Mbu

Na kwa kuwa nyuma inafika 1,860 ukijaa, soma kile kibati cha uzito kwenye gari yako kabla hujaongeza mtu wa saba. Springi mpya haiongezi uwezo wa ekseli wala breki.

Mzee_wa_Rhotia

Nimeelewa. Nyuma springi mpya za 300, na shokapu nne za mabomba mawili, mbele na nyuma, zote za jina moja. Koili za mbele naziacha, kimo cha mbele kiko sawa pande zote. Shokapu ya usukani sichukui. Bushi za orijino nachukua Gerezani, Dar es Salaam, kupitia kijana wangu. Hela inatosha na inabaki ya mafuta. Fundi Nako, wakati wa kufunga nimsimamie kwa lipi?

Fundi_Nako

U-bolti mpya (zile zinazofunga springi kwenye ekseli) na sentabolti mpya, za zamani zimeshavutika, asikubembeleze. Nati za pini za springi na za ile rodi zikazwe mwisho gari ikiwa chini kwa uzito wake. Akizikaza juu ya jeki, raba inajisokota siku zote na itachanika mapema. Ukishatembea kama kilomita 500, rudi ukaze U-bolti tena. Na ukitoa gari gereji, pima kile kimo cha pembe nne ulichoandika, springi mpya zitashuka kidogo zikizoea. Upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, rudisha springi dukani risiti ikiwa mbichi.