Suala la function au mshale liamuliwe na linta, siyo na mkaguzi aliyepo zamu

Wakuu, nimechoka na leo naliweka wazi. Nimeleta marekebisho ya hitilafu kwenye hesabu ya punguzo, kwenye msimbo wetu wa JavaScript. Mistari michache tu, majaribio yote yamepita. Yamekaa karibu wiki nzima bila kuunganishwa kwenye tawi kuu, na sababu siyo hesabu. Mkaguzi wa kwanza kaniuliza kwa nini nimeandika `function hesabuPunguzo(bei)` badala ya `const hesabuPunguzo = (bei) =>`, yaani funksheni ya mshale. Nikabadilisha yaishe. Akaja wa pili, akataka nirudishe vilevile nilivyoanza, eti funksheni ya juu ya faili lazima iwe `function`. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei ikiwa sifuri inakuwaje. Napigwa danadana na watu wawili wa timu moja, na kila mmoja anaita matakwa yake "utaratibu wetu".

Utaratibu gani? Umeandikwa wapi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ESLint tunayo, yaani linta, zana inayokagua msimbo wa JavaScript yenyewe. Ipo tangu 2013, Nicholas Zakas alipoianzisha, na ina kanuni ya kazi hii hii inaitwa `func-style`. Unaipa neno moja, `declaration` (kutangaza kwa `function`) au `expression` (kuiweka funksheni kwenye kigeu kama `const`), ubishi umekwisha. Sisi tumeiweka, lakini kwa kiwango cha `warn`, onyo tu, badala ya `error` inayozuia. Ukiiendesha unamwagiwa maonyo mpaka skrini inajaa, halafu mwishoni seva ya ukaguzi inasema kila kitu ni salama. Onyo lisilomzuia mtu kupita ni la nini? Nilipendekeza tuongeze `--max-warnings 0` ili hata onyo moja liangushe ukaguzi. Nikajibiwa itawakwaza watu. Kwani sasa hivi hatukwaziki?

Na msiniambie huu ni urembo tu. Funksheni iliyotangazwa kwa `function` unaweza kuiita hata juu ya mstari ilipoandikwa, JavaScript inaitambua mapema. Ile iliyowekwa kwenye `const`, ukiiita kabla mstari wake haujatekelezwa, unapigwa `ReferenceError`. Mshale nao, tangu ulipoingia kwenye lugha mwaka 2015, hauna `this` yake (kitu ambacho funksheni imeitwa kupitia kwake) wala `arguments` yake (orodha ya ilivyopewa), na huwezi kuuita kwa `new`. Kwa hiyo mkaguzi anaponiambia "badilisha tu, ni kitu kilekile", ananiambia uongo.

Mfano upo palepale kwetu. Mtu mmoja aliamua kusafisha faili za majaribio, akafuta `function ()` zote kwa kutafuta na kubadilisha, akaweka mishale. Tunatumia Mocha, zana ya kuendesha majaribio, na ndani ya majaribio kuna `this.timeout(5000)`, ya kuweka kikomo cha muda. Mishale ilipoingia, `this` haikuwa tena ile ya Mocha, majaribio yakaanguka. Maelezo ya Mocha yenyewe yanashauri usitumie mishale hapo! Sasa sikieni maajabu: lawama ikabebeshwa linta. "Hizi kanuni za mtindo ndizo zinavunja msimbo." Linta haikugusa kitu. Kanuni ya `prefer-arrow-callback`, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaiacha kolbaki (funksheni unayoipa funksheni nyingine iiite) inayotumia `this` kama hujaifunga kwa `bind`. Zana ilijua asichokijua yeye, ila hakuitumia.

Ubishi mwingine unatoka kwa watu wasiosoma. Wanadai tukichagua `declaration` basi hakuna ruhusa ya mshale hata ndani ya `map` na `filter`. Si kweli. `func-style` haihusiki na kolbaki, inaangalia funksheni unayoipa jina, iwe kwa kutangaza au kwa kuiweka kwenye kigeu. Ukitaka mishale kwenye vigeu iruhusiwe chini ya `declaration`, kuna `allowArrowFunctions`, unaiweka `true`. Ni maelezo ya ukurasa mmoja.

Mimi napenda `declaration` kwa funksheni zenye majina na mshale kwa kolbaki, maana nikifungua faili ngeni neno `function` linanionyesha mara moja kazi inaanzia wapi. Lakini wakichagua `expression`, nitaandika `expression` kuanzia kesho bila kinyongo. Nachotaka ni jibu moja linalomhusu kila mtu.

Kuna kisingizio kimoja chenye ukweli: faili za zamani. `func-style` haina marekebisho ya kiotomatiki, kwa hiyo `--fix`, amri ya kuifanya linta irekebishe yenyewe, haitasaidia, na hakuna mwenye akili atakayetaka kubadilisha mradi mzima kwa mkono. Sawa. Ila tangu toleo la 9.24 la mwaka 2025, ESLint inakuwezesha kuendesha `--suppress-rule func-style`, makosa yaliyopo yanaandikwa kwenye `eslint-suppressions.json` na kuachwa kwanza, lolote jipya linazuiwa. Sharti kanuni iwe `error`, maana maonyo hayahesabiki humo. Nimelieleza hili kwenye kikao, nimeonyesha na amri yenyewe. Kimya.

Halafu nikaenda kufungua faili za hao hao wanaonikagua. Mstari wa kwanza kabisa: `/* eslint-disable */`. Siyo kanuni moja, zote! Hata `no-undef`, ile inayokamata jina ambalo halijatangazwa popote. Yaani wewe umeifunga linta mdomo kwenye faili yako nzima, kisha unakuja kunifundisha mimi nidhamu ya mishale kwa kuandika maoni? Hii imenikera kuliko yote.

Nataka mambo mawili tu. `func-style` iwe `error`, kwa neno lolote watakalokubaliana wakubwa. Na anayezima kanuni aitaje jina na aandike sababu pembeni, iwe mkubwa au mgeni kazini. Baada ya hapo mkaguzi asome mantiki, mtindo amwachie mashine.

Mlioko kwenye timu ambazo tayari hii kanuni ni `error`: mlichagua upande gani, na mliwabana vipi wakongwe wenu mpaka wakakubali?