Kuwalinda paka wa uani dhidi ya chatu

Mkazi wa Pongwe, Tanga: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Uani kwetu kumepakana na shamba la mkonge lililogeuka kichaka, na tangu masika yaanze chatu ameonekana karibu na banda la kuku. Nitawalindaje paka wetu, waliozoea kulala nje, bila kuwafungia kutwa?

Jirani wa Amboni: Wa aleikum salaam. Waingize ndani kabla ya Magharibi, uwatoe jua likishachomoza, kwa kuwa chatu, kama walivyo kanu na fungo, huwinda zaidi usiku. Ukiwajengea kibanda, tumia wavu wa chuma wenye matundu madogo sana na ukingo wake uufukie ardhini, kwani chatu mchanga hupenya penye uwazi mdogo. Mabaki ya chakula yaondolewe mapema. Huvuta panya, na panya humvuta nyoka.

Mfugaji wa Muheza: Naafiki, ila mimi ningeanza na kufyeka majani na kuondoa marundo ya makuti na matofali, ambamo nyoka hujificha. Tafadhali msimuue: wanyamapori wanalindwa na sheria ya mwaka 2009, hivyo mwarifuni ofisa wanyamapori wa wilaya. Paka nao wapatiwe chanjo ya kichaa cha mbwa.