Naomba ushauri: kapita (msimamizi wa kazi) anatutoa kabla siku 22 hazijatimia

Wandugu, habari zenu. Mimi ni mwashi hapa Lubumbashi, naishi Katuba. Tuko watu 19 kwenye shantie (eneo la ujenzi) ya nyumba ya ghorofa, wote vibarua wa siku kwa siku. Sheria ya Kazi ya 2002 ya hapa Kongo (DRC) inasema kibarua akishatimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Kapita anaijua kuliko sisi: ukifika siku ya 20 anakwambia "pumzika kwanza", anaita wengine getini.

Nimeanzisha daftari. Kila jioni, tukinawa saruji mikononi, kila mtu anaandika siku yake na kutia sahihi. Mmoja alichana ukurasa wake. Simlaumu, ana watoto watano.

Sasa, tuingie kwanza sendika (chama cha wafanyakazi), au tupeleke daftari kwa mkaguzi wa kazi? Nikienda peke yangu najua nitakuwa wa kwanza "kupumzika".

Halafu vijana wetu wabeba zege wanataka kujifunza kusoma plani (ramani za ujenzi) na kufunga vyuma kule INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi. Nani amesoma pale huku anafanya kazi? Kuna masomo ya jioni?